Kata ya Kisima

Basi jipya liliposimama sokoni, Bi Mashavu aliinama nyuma yake, akakinga kata chini ya bomba la moshi. Halikutoa moshi. Lilidondosha maji matupu, meupe, yasiyo na harufu.

"Mama, unafanya nini huko?" dereva akauliza.

"Nachukua maji yetu, mwanangu."

Kiwanda cha mabasi hayo kilivuta maji ya kisima cha mtaa, kikayageuza gesi ya kuendeshea mabasi, hadi ndoo zikaanza kupanda na mchanga. Gesi hiyo ikishatumika ndani ya basi, hurudi kuwa maji. Kwao watu wa mtaa, kila atekaye hukirudishia kisima maji kidogo. Kiwanda hakikuijua desturi hiyo.

Bi Mashavu akaenda kisimani, akayamimina taratibu, akatega sikio asikie yakifika chini. Basi likaondoka, likazunguka mji, likarudi. Bado alikuwa akisikiliza.