Mama Yake Zawena na Mama Yangu

Tangu ukuaji wa uchumi wa nchi uanze kupimwa nyumba kwa nyumba, kazi unayomfanyia mzazi wako haihesabiwi. Unayomfanyia mzazi wa jirani ndiyo inayohesabiwa. Nyumba isiyokua kuliko mwaka jana hukatiwa maji. Kwa hiyo kila asubuhi mimi humwogesha mama yake Zawena, naye Zawena humwogesha mama yangu.

Leo Mama alinishika mkono. “Niogeshe wewe. Huyo mwenzio ananisugua kama sufuria.”

“Mama, yuko mlangoni.”

“Mwambie nimeshaoga.”

Nilimwomba Mungu anisamehe, nikafungua mlango. Zawena aliingia na beseni. Mama alitutazama sote wawili, kisha akamwambia Zawena, “Karibu, mwanangu. Na huyu uliyekuja naye ni mtoto wa nani?”