Kimio cha Kache

Jirani yetu anasema kimio cha mwanangu, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimeshuka, ndiyo maana Kache anakohoa tangu asubuhi. Anasema mjukuu wake alianza hivyo hivyo, akakatwa, na jioni akala ugali. Ndiye aliyemwita mzee mkata vimio, na sasa amesimama mlangoni aone.

Mama mkwe amempakata Kache uani na kumbana miguu. Mzee amekwisha kuosha kisu chake chenye ncha iliyopinda.

"Shika kichwa, bibiye," ananiambia. "Ni kama kutoa mwiba tu."

Ninakishika. Kila Kache akivuta pumzi, kishimo cha chini ya koo chaingia ndani na kifua chapiga mluzi. Mzee anamwelekeza kinywa juani, nami nachungulia. Kimio kile pale, kidogo, hakijavimba wala hakijashuka.

Mkono mmoja Kache ameukunja ngumi. Ninaikunjua. Ndani mna nusu ya korosho yenye alama za meno.

"Amepaliwa! Nusu nyingine imeingia njia ya pumzi. Mzee, usikate, hii ni kazi ya hospitali."

"Siku hizi twafundishwa na watoto," mzee anacheka, akimgeukia mama mkwe. "Haya, nikate, nisikate?"

Midomo ya Kache imekuwa kama ya aliyekula zambarau.

Ninaudaka mkono wa mzee, kisu kikiwa bado kiganjani mwake.

"Mama, nakuomba, nipe mwanangu nikimbie naye Malindi."

Mama mkwe, bado amembana Kache miguu, anamtazama jirani aamue yeye.