Maneno ya Mama Kitandani

Tangu apooze kwa kiharusi, mama yao hakuwahi kutamka neno likaeleweka. Asubuhi hiyo alianza kubwabwaja mfululizo, mate yakimchuruzika shavuni.

"Ananena kwa lugha," binti yake akasema, mikono juu. "Roho amemshukia."

"Lugha zilikoma na mitume," kaka yake mchungaji akamkata kauli. "Usimfanye mama kichekesho cha kanisa lenu."

"Bora kichekesho. Lenu ni kaburi."

Walirushiana maneno juu ya kitanda. Mke wa mchungaji ndiye aliyemfuta mgonjwa mate, akainama na kumtegea sikio.

"Anasemaje?" mumewe akauliza.

"Anasema mtoke. Nyote wawili."

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie.