Ukoko wa Mbwana

Siku hizo mahakama haikupokea tena maneno matupu. Shahidi alivutwa kumbukumbu yake kwa mashine, pamoja na kila kilichofungamana nayo, na haikumrudia tena. Ndiyo maana Riziki alimsihi mama yake hadi mlangoni asiende kutoa ushahidi.

"Mama, si wako wenzako mlioandamana nao kudai visima?"

"Wamebaki wangapi? Na askari aliyempiga risasi kaka yako Mbwana nilimwona mimi. Nikifa na kumbukumbu hiyo, ataapa hakuua mtu."

Wakashinda kesi. Wanawake wazee wa maandamano wakamrudisha mama, Bi Mwanakombo, nyumbani kwa vigelegele, wakilitaja jina la Mbwana. Naye akapiga makofi kwa adabu, kama mgeni kwenye harusi asiyemjua bibi harusi.

Walipotawanyika, akaingia jikoni kupakua wali. Kisha akakwangua ukoko, akauweka kando na kuufunika.

"Wa nani huo, Mama?"

"Wa Mbwana, wa nani mwingine? Katoka tangu asubuhi, kiguu na njia yule. Ondoa komeo, asije akalala nje."

 Riziki akaenda akaliondoa komeo, maana mama alikuwa akimtazama.