Neno la Mwisho ni la Fundi

Fundi cherehani aliomba kiti chake cha magurudumu kisogezwe hadi meza ya pili kutoka dirishani, mgongo ukielekea mlango. Hapo angesikia kila kitu bila kuonekana anasikiliza.

Mhudumu wa mkahawa alimletea chai. "Leo tena, mzee?"

"Leo tena."

"Huyu wa ngapi?"

"Wa tatu."

Mhudumu akacheka, akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Utamzeesha bintiyo. Mwanamume unayemtaka wewe hajazaliwa."

Fundi alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

Kwenye meza ya dirishani, mwanamke wa miaka thelathini na minane alikuwa amekaa wima ndani ya gauni la kijani. Fundi alilishona mwenyewe wiki hiyo, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Ile ya kukanyaga waliiuza miaka minne iliyopita, alipoanguka kutoka juu ya ngazi na miguu ikaaga kazi. Hata tangazo la kutafuta mwenzi alilichapa yeye kwenye simu. Mwanamke aliona haya. Fundi akaandika, akasahihisha, akatuma.

Walikubaliana jambo moja tu: neno la mwisho ni la fundi. Akitikisa kichwa, mwanamume harudi. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu alimfokea mhudumu. Wa pili alikuwa na alama ya pete kidoleni.

Huyu wa tatu alikuwa fundi wa majokofu. Kola safi. Kifungo kimoja kilishonwa upya kwa mkono wa kiume, vibaya lakini imara. Simu aliizima kabla ya kukaa.

"Nikuulize bila kuzunguka," mwanamke alisema. "Mambo ya chumbani."

Fundi wa majokofu alikohoa. "Uliza."

"Wengi wenu mnadhani ni kazi ya dakika tano. Mkishamaliza, mnakoroma."

"Mimi nilifundishwa kwa aibu. Marehemu mke wangu aliniambia mwaka wa kwanza tu: mimi si jiko la gesi, uwashe tu niwake. Tangu siku hiyo nikajifunza kusubiri."

Mwanamke akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, hata akaziba mdomo. Fundi cherehani alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa miaka minne. Akainua kikombe bila kukitazama, chai ikamwagika mkononi na kwenye kisahani.

Alitafuta kasoro. Viatu vilipigwa rangi, hata visiginoni. Sauti ilikuwa ya upole. Alipomwita mhudumu alisema tafadhali, na alipoletewa maji alisema asante. Fundi alimkagua juu chini, asipate pa kushika. Kutikisa kichwa kungetosha. Hakuna ambaye angemuuliza sababu. Shingo ilikataa.

Saa moja baadaye, mwanamume aliaga na kupita karibu na meza ya pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mlango ulipofungwa, mwanamke alikuja, akachuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu na kumfuta fundi chai mkononi.

"Haya, sema."

"Ni mtu mwema."

"Usiseme hivyo kwa kunionea huruma. Ukisema hapana, tunaacha. Tunaacha kabisa."

"Nimesema ni mtu mwema."

Mwanamke akazunguka nyuma yake, akafungua breki, akakisukuma kiti taratibu kuelekea mlangoni.

"Basi nitamwambia aje Alhamisi," alisema kwa sauti ya chini. "Siku hiyo nikupeleke kwa dada yako, mume wangu, au utalala sebuleni?"