Mwenye Nayo Hatunaye

Dobi alipiga magoti kwenye sebule ya watu, akasogeza pua mgongoni mwa amplifaya, akanusa.

"Vipi?" aliuliza mwenye nyumba.

"Vumbi tu. Haijaungua."

Ndivyo alivyoagizwa na mpiga besi mmoja anayefahamiana naye. Nusa kwanza, kisha iwashe, halafu tulia. Hizi za zamani zina taa za kioo ndani, na lazima zipate moto kabla hazijatoa sauti. Ikinguruma, aga uende zako. Dobi mwenyewe hajui gitaa wala zeze. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, miguu imemvimba, mgongo hausemeki. Na bado eti anakagua mitambo.

Tangazo aliliona ukutani kantini, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: *Amplifaya ya gitaa, ya zamani, ya taa. Inafanya kazi. Nimeichoka.* Aliyeliandika ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo, ambaye sasa alikuwa kwenye kochi na rundo la madaftari mapajani, anasahihisha huku akimsubiri mteja aamue. Naye alikuwa hoi. Kalamu nyekundu ilikwenda kwa kujivuta.

"Kwani unapiga gitaa, mdogo wangu?"

"Mimi? Hata filimbi! Ni ya mume wangu. Hajui kama niko hapa."

"Aa, unataka kumshtukiza."

"Nataka kumfufua, dada."

Hakuwa anatania. Bendi ya mwisho ilimwacha mumewe kwa kukosa chombo cha maana, na tangu hapo amekuwa mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda na gitaa la umeme lisilosikika hata jikoni. Hacheki, hasemi. Kilichobaki cha yule mwanamume wa zamani ni asubuhi, friji yao mbovu inapogoma. Huizaba makofi mawili ubavuni na kuiambia, "Amka, bibi, wageni wamefika." Nayo inaamka, balaa ile! Siku hizo Dobi hucheka peke yake njia nzima mpaka kazini. Alimtaka mtu huyo arudi, basi. Kwa ajili hiyo ameuza cherehani yake, na hajuti.

Alichomeka waya ukutani, akabonyeza swichi. Taa ndogo ya mbele ikawaka. Wakasubiri.

"Ilikuwa ya nani?" aliuliza, ili kimya kisimle.

Kalamu ikasimama. "Mwenye nayo hatunaye. Mwaka wa saba sasa."

Dobi alilijua neno hilo. Ndilo mumewe alilomwambia siku alipomposa, kuhusu mke wake wa kwanza: hatunaye. Alilisema akitazama chini, na Dobi hakutaka kumchimba mtu kidonda. Mwaka wa sita huu, kila akiomba, hamsahau yule marehemu. Humwombea hata kabla ya mama yake mzazi.

"Pole sana, dada. Mungu amlaze mahali pema."

Mwalimu aligeuza ukurasa.

"Na umeitunza miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa naifuta vumbi. Mwaka huu mkono umegoma."

Taa zilianza kuiva nyuma ya wavu, moja baada ya nyingine, rangi ya makaa. Dobi alizipenda papo hapo. Alijiona akifungua mlango wa nyumbani, alimwona mumewe akiinuka kitandani. Alikuwa ameshanunua, bado kutamka tu.

Ndipo amplifaya ilipoanza kunguruma.

Ikanguruma kweli, mpaka vikombe vya kabatini vikaitikia. Dobi alishika magoti yake mabovu akasimama, machozi karibu.

"Nimeambiwa ikinguruma nisichukue. Nisamehe, dada. Nimekupotezea muda."

"Ngoja, ngoja. Hiyo ni deko tu."

Mwalimu aliweka madaftari pembeni, akajikokota mpaka kwenye amplifaya, akaizaba makofi mawili ubavuni.

"Amka, bibi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema mara elfu, "wageni wamefika."

Ngurumo ikakatika.

Dobi alibaki ameukodolea macho ule mkono.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Si mwenye nayo! Kila jioni alikuwa hivyo hivyo. Hata pasi yangu ilipigwa makofi."

"Marehemu?"

"Marehemu gani tena!" Mwalimu alicheka, kicheko kisicho na nguvu. "Mdogo wangu, nimesema hatunaye, sijasema amekufa. Alitoka kwenda kununua nyuzi za gitaa. Nikamfunikia chai yake isipoe."

Dobi akakaa bila kukaribishwa. Akamtazama marehemu wake wa miaka sita: mzima wa afya, miwani puani, wino mwekundu vidoleni.

Mwalimu hakuona kitu. Alikuwa ameshaanza kukunja waya, ametua mzigo, uso umemchangamka kidogo kwa mara ya kwanza.

"Sasa umeisikia mwenyewe, imetulia. Ila ni nzito, usijaribu kuibeba na miguu hiyo. Mumeo atakuja kuichukua?"

Dobi aliinama akaokota mkoba wake.

"Hatunaye," alisema.