Sabuni ya Shemeji

Mtumbwi wa mbao wa mume wangu ulikuwa umezeeka, na watu wote wa Rumonge walisema ndiyo maana ulizama naye. Shemeji, mdogo wake, alitaka tuupasue kuni. Nilikataa. Nina watoto wa kulisha.

Fundi Lukeba akatuambia tuujaze maji pale pale mchangani, ulikovutwa baada ya kuopolewa ziwani, tuone yatatokea wapi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo.

Kwenye maungio, mbao zilitoa jasho tu. Lakini chini ya kiti cha nyuma maji yalichuruzika, mkondo mmoja, mnene kama kidole.

Lukeba akachokora kingo za lile tundu kwa kisu. Kikatoka kipande kidogo kilichosalia, laini, cha manjano.

"Mama, hapa hapakuoza," akasema. "Iko mutu alitoboa, akaziba na sabuni. Ukifika katikati ya ziwa, inakuwa imeyeyuka."

Nikakinusa. Mawese. Sabuni ile ile anayoipika shemeji nyuma ya nyumba yake, aliyotuletea mche mzima, bure, siku ya kumwosha marehemu.

Shemeji alikuwa ameshatua ndoo.

"Leta maji, shemeji," nikamwambia. "Bado haujajaa."